Kilomita ya Mwisho: Magofu na Pwani ya Uturuki kwa Nauli ya Dolmuş

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anafika Uturuki akiwa na nusu ya ramani kichwani. Efeso, Smirna, Laodikia, Hierapoli, Mileto, Patara, Mira, Perge, Atalia: majina haya ya Matendo ya Mitume, nyaraka za Paulo na Ufunuo ni miji ya kweli, na yote imepangana kwenye pwani na mabonde kati ya İzmir na Antalya. Smirna ndiyo İzmir yenyewe, Atalia ndiyo Antalya. Na hata asiyefungua Biblia hatajiona mgeni kabisa, maana Kituruki na Kiswahili vyote vilikopa kwa Kiarabu. Hesabu ni hesap, kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, duka ni dükkân, dakika ni dakika. Pale stendi kila safari ya basi huitwa sefer, na mgeni anayekaribishwa nyumbani huitwa misafir.

Safari hii haihitaji wakala. Mabasi ni mengi na safi, yanafuata saa, na magari madogo, dolmuş, yanafika hadi vijijini. Pesa ya msafiri haiishii kwenye barabara kuu. Inaishia kwenye kilomita ya mwisho, ule umbali kati ya pale basi linapokushusha na lango la magofu. Wajenzi wa kale walitafuta bandari na vilele vya milima. Waliochora barabara kuu ya pwani, D400, walitafuta njia nyepesi. Katikati pamebaki kilomita 1, au 4, au 9, na hapo ndipo teksi na ziara za kulipia zinapokusubiri. Ukijua mapema utaivukaje kilomita hiyo, nchi hii inazungukika kwa pesa ya kawaida. Usipojua, utailipia kila siku.

Kabla ya kuondoka

Viza kwanza. Ingia evisa.gov.tr, tovuti ya serikali, chagua nchi iliyotoa pasipoti yako na aina ya pasipoti, usome masharti yanayokuhusu wewe. Pasipoti nyingine hupewa viza ya mtandaoni kwa sharti la kuwa na viza hai ya Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland; asiye nayo anaomba ubalozini, na hilo huchukua muda. Usifuate tovuti za kwanza zinazojitokeza ukitafuta neno viza. Nyingi ni za madalali wanaoongeza ada yao juu.

Turkish Airlines huruka Istanbul kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Entebbe na Kigali. Ukinunua tiketi moja inayokufikisha İzmir au Antalya, mara nyingi nyongeza ni ndogo kuliko kununua ndege ya ndani pembeni. Wanaonunua pembeni hunaswa na jambo moja: Istanbul ina viwanja viwili. Ndege za kimataifa nyingi hutua ule wa upande wa Ulaya, wakati tiketi nyingi rahisi za ndani huondokea Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Kati ya viwili hivyo kuna jiji zima na foleni yake. Angalia herufi kwenye tiketi: IST na SAW si mahali pamoja.

Saa ya mkononi usiiguse. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa kwa majira, na iko sawasawa na Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima. Ila tiketi zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 08:30 ni saa mbili na nusu yetu ya asubuhi. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Nenda Aprili na Mei, au kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Julai na Agosti joto la pwani hupita nyuzi 35, na magofu hayana kivuli. Marumaru hurudisha jua usoni. Majira ya baridi vyumba hushuka bei lakini magari ya vijijini hupungua, na kilomita ya mwisho inazidi kuwa ngumu. Tazama pia kalenda ya Idi. Wiki ya Ramazan Bayramı na ile ya Kurban Bayramı nchi nzima husafiri: mabasi hujaa siku kadhaa kabla, vyumba vya pwani hupanda bei. Ukisikia ek sefer stendi, ni basi la nyongeza, chukua.

Lira imekuwa ikipoteza thamani kwa miaka, kwa hiyo bei ya lira utakayoisoma mahali popote huenda imeshapitwa. Hesabu bajeti kwa euro au dola, badilisha kidogo kidogo. Mashine ya benki au ya kadi ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya kwenu au kwa lira, jibu lira kila mara. Ile njia nyingine inampa mwenye mashine nafasi ya kujipangia kiwango chake. Noti ndogo zisikuishie mfukoni, maana magari mengi ya vijijini hulipwa taslimu.

Viingilio ndiyo gharama itakayokushtua. Sehemu kubwa zimewekewa wageni bei ya euro: mwaka 2024 Efeso ilifika euro 40, Hierapoli pamoja na Pamukkale euro 30. Mwaka huo huo pasi ya makumbusho ya nchi nzima, ya siku 15, iliuzwa euro 165. Siku zake huanza kuhesabiwa unapoitumia mara ya kwanza. Ziko pia pasi za kanda, ya Ege na ya Mediterania, za siku chache na bei ndogo. Fanya hesabu hivi: andika magofu utakayoingia kweli, tafuta bei ya kila moja kwenye muze.gov.tr siku hiyo, jumlisha, linganisha na pasi. Mtu wa magofu mawili na fukwe nyingi pasi haimlipi. Mtu wa magofu saba au nane ainunue, na asiitumie siku ya kwanza Istanbul akaanza kupumzika; siku zinakatika hata ukiwa umelala.

Otogar na dolmuş

Stendi ya mabasi makubwa ni otogar, mara nyingi iko nje ya mji. Makampuni mengi yana kigari cha bure, servis, cha kukuingiza katikati ya mji. Onyesha tiketi yako uulize kabla hujaita teksi. Tiketi hutaka jina na namba ya pasipoti. Ukinunua mtandaoni utaulizwa mwanamume au mwanamke, kwa sababu watu wasiofahamiana wa jinsia tofauti hawakalishwi kiti cha pamoja. Mume na mke wanunue viti vyao kwa mkupuo mmoja, la sivyo mfumo utawakatalia. Ndani kuna utingo, muavin, anayepitisha maji, chai na keki. Choo kwa kawaida hakuna. Basi husimama kila baada ya saa chache. Kabla ya kushuka piga picha namba ya gari, maana kituoni kutakuwa na mabasi kumi yanayofanana, na dereva hasubiri.

Dolmuş ni daladala. Jina linatokana na kitenzi cha kujaa, na gari linafanya kama jina lake: huondoka likijaa au saa yake ikifika. Kibao cha njia kiko kwenye kioo cha mbele. Unaingia, unakaa, unamtajia dereva unakokwenda maana nauli ni ya umbali, kisha pesa inapita mkono kwa mkono hadi mbele na chenji inarudi vivyo hivyo. Kushuka unasema “inecek var”, kuna anayeshuka, au “müsait bir yerde”, mahali panapofaa. Dereva wa makamo mwite abi, kaka. Mwanamke aliyekuzidi umri ni abla, dada. Wa umri wa mama yako ni teyze. Mtu aliyeitwa hivyo hukufungukia kama anavyofunguka mtu wetu akiitwa shangazi, na atahakikisha umeshushwa pale pale.

Swali moja lazima uliweke moyoni: “Son dolmuş saat kaçta?” Gari la mwisho saa ngapi? Liulize asubuhi, unaposhuka, kwa dereva yule yule. Watu wengi hulikumbuka saa 12 jioni, na magari ya kwenda magofuni hufuata saa za vijana wa shule na watu wa soko, si za mtalii anayengoja machweo.

Selçuk na Efeso

Selçuk ndio mji wa kuanzia, nao ni mdogo, una gesti za kifamilia na soko kubwa la Jumamosi. Ukitua İzmir usiingie mjini: stesheni iko uwanjani pale pale na treni huenda hadi Selçuk. Ukipanda İZBAN, ile ya mkoa, kuna kubadili Tepeköy. Kutoka stesheni ya Selçuk unatembea hadi kitandani.

Efeso iko karibu kilomita 3 na ina malango mawili, la juu na la chini. Dolmuş hukuacha upande wa chini, na anayeingilia huko anapanda mteremko wote kwa jua kisha anarudi njia ile ile. Hii ni moja ya teksi chache ninazozitetea: panda teksi ya kwenda lango la juu, ni dakika chache tu, shuka na magofu hadi lango la chini, kisha rudi Selçuk kwa dolmuş. Asiyetaka kulipa hata hiyo atembee kwa njia ya miguu yenye miti kando ya barabara, apite hekalu la Artemi, aingilie chini. Hekalu lile lilikuwa moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Leo ni dimbwi na nguzo moja iliyounganishwa vipande, na kuliona ni bure.

Fika lango likifunguliwa, saa 2 asubuhi wakati wa kiangazi, au ingia saa mbili za mwisho. Meli za utalii hutia nanga Kuşadası, na makundi yao hujaza barabara ya Kuretes, ile ya katikati ya magofu, kuanzia katikati ya asubuhi. Vyoo na maji viko malangoni, katikati hakuna. Beba lita moja na nusu, kofia, na viatu vyenye kushika, kwa sababu marumaru yale yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanateleza hata yakiwa makavu. Nyumba za mteremkoni, Yamaç Evler, hulipiwa zaidi. Zilipie. Ndani, chini ya paa, unaona sakafu za vijiwe na kuta zenye rangi bado, na mafundi wakipanga vipande vya marumaru mezani kama watu wanaochagua mchele.

Simama mbele ya maktaba ya Selso na uitazame taratibu. Gaius Julius Aquila aliijenga mwanzoni mwa karne ya 2 kwa kumbukumbu ya baba yake, Selso, ambaye amezikwa chini yake. Uso unaouona ulisimamishwa upya na wanaakiolojia wa Austria miaka ya 1970. Kiwanja kilikuwa finyu, kimebanwa na majengo, kwa hiyo fundi alitumia ujanja: nguzo za katikati ni nene kuliko za pembeni, na ngazi za chini zimepinda kidogo kwenda nje, ili jicho lidanganyike kwamba jengo ni pana. Ukishajua hilo hutaacha kuliona. Halafu ukumbi mkubwa wa michezo, wa watu kama 25,000, ambamo umati uliochochewa na Demetrio mfua fedha ulipiga kelele kwa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu. Panda hadi safu za juu, tazama ile barabara iliyonyooka kwenda bandarini. Bandari haipo. Mto uliijaza tope, bahari ikasogea.

Tope hilo hilo ndilo historia ya Mileto. Kwenye Matendo 20 wazee wa Efeso wanalia na kumsindikiza Paulo mpaka melini; leo ukumbi wa Mileto umekaa katikati ya mashamba, na Lade, kisiwa kilichopiganiwa vita ya majini mwaka 494 kabla ya Kristo, ni kilima kwenye tambarare, mazao yakiwa pande zote. Kuufikia mji huo kwa magari ya umma ni kazi. Priene, mji mwingine wa kale jirani, ni rahisi: dolmuş hadi Söke, mara nyingine kwa kubadili Kuşadası, kisha nyingine ya Güllübahçe, halafu mpando mfupi. Didyma ni rahisi zaidi kwa sababu mji wa leo wa Didim umelizunguka hekalu lake la kale. Watu watatu au wanne wakikodi gari siku moja kwa Mileto, Priene na Didyma, wanagawana gharama na hawapotezi kitu. Mtu mmoja na achague Priene, akae kwenye viti vya marumaru vya wakuu mbele ya ukumbi wake mdogo. Mara nyingi hapana mtu.

Laodikia na mlima mweupe

Kutoka Selçuk kuna treni chache kwa siku hadi Denizli, mwendo wa kama saa tatu, kwa nauli ndogo kuliko basi. Denizli otogar teremka ghorofa ya chini, ambako dolmuş za Pamukkale huondokea. Kijiji kiko karibu kilomita 20. Hapa pana mitego miwili. Kuna kampuni ya mabasi yenye jina Pamukkale, na jina hilo ubavuni mwa basi halimaanishi linakwenda huko. Pili, wanaokuja kwa basi la usiku hupokewa na watu wanaosema gari la kijijini ni hili, kisha linasimama mbele ya ofisi inayouza ziara. Tembea tu hadi ghorofa ya chini.

Njiani omba kushushwa Laodikia. Lango liko kama kilomita moja kutoka barabarani, tambarare. Wageni wengi hupita bila kusimama, na ni hasara. Tafuta mnara wa maji. Mabomba yake ya udongo bado yamekaa ukutani, na ukichungulia ndani unaona chokaa iliyoganda duara juu ya duara, kama mafuta yaliyogandia mrija, hadi katikati pamebaki tundu la kupitisha vidole. Mji huu uliletewa maji kutoka mbali, na ng’ambo ya bonde, juu kule Hierapoli, maji ya moto yanatoka ardhini. Ukisimama pale na bomba lile lililoziba, ukaona weupe wa Pamukkale ng’ambo, ule ujumbe wa Ufunuo kwa kanisa lenye uvuguvugu unausikia kama ulivyosikika kwa wenyeji waliokunywa maji hayo.

Weupe wenyewe ni kazi ya kemia ya kawaida. Maji hutoka na nyuzi kama 35, yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakikutana na hewa, hewa ukaa inatoroka, chokaa inabaki: kwanza laini kama uji, kisha jiwe. Ndiyo maana viatu haviruhusiwi. Ingia kwa lango la kijijini, chini, uvue viatu na kuviweka kwenye mfuko wa kubeba mgongoni, maana juu kuna mji mzima wa Hierapoli unaohitaji viatu na huenda ukatokea lango jingine. Kuna mahali miguu itaumia kwa mikunjo migumu ya mawe, na palipo na ule uji patateleza. Na usitegemee mabwawa yote yamejaa. Maji huelekezwa kwa zamu ili kila upande upate kuganda na kukaa mweupe. Upande wa zamu ya kukauka huwa mkavu kweli. Chumba cha usiku mmoja kijijini kinatosha: ingia alasiri, ukae hadi jua lizame, uondoke kesho yake kwenda Fethiye.

Pwani ya Likia

Hapa ndipo msafiri wa pesa ndogo anafaidi. Magari madogo ya Fethiye hadi Kaş hupita kwenye D400, na magofu mengi ya Likia, nchi ya kale ya pwani hii, hayako mbali nayo. Pia kuna Likya Yolu, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 500 iliyofunguliwa 1999, iliyochorwa mistari miwili, mweupe na mwekundu, juu ya mawe na miti. Huhitaji kuitembea yote. Kipande cha Kayaköy hadi Ölüdeniz ni cha saa mbili hadi tatu, kinaanzia kwenye kijiji cha nyumba za mawe zilizoachwa na Wagiriki katika mabadilishano ya watu kati ya Uturuki na Ugiriki ya 1923, na kinaishia ufukweni. Alama ya msalaba ni onyo kwamba umekosea njia. Rudi hadi ulipoona mistari mara ya mwisho, usikate msituni.

Xanthos ni mpando wa kilomita moja kutoka mji wa Kınık. Letoon iko kilomita chache tu kutoka hapo, na inatembeka kwa mtu asiyeogopa jua. Sehemu ya magofu yake imezama kwenye maji, na vyura wanaimba kati ya nguzo, jambo linalopendeza zaidi ukijua hadithi ya kale kwamba mungu wa kike Leto aliwageuza vyura wanakijiji waliomnyima maji.

Patara inadai mpango. Njiapanda ya barabara kuu hadi kijiji cha Gelemiş, kisha hadi ufukweni, ni mwendo wa zaidi ya saa moja bila kivuli. Kiangazi kuna dolmuş zinazotoka Kaş na Kalkan zinazofika hadi ufukweni. Nje ya msimu nyingi huishia kijijini au njiapanda. Uliza kabla ya kupanda. Tiketi moja hukupa magofu na ufuko wa kilomita kama 18, mrefu kiasi kwamba hata Agosti unapata nafasi ya kuwa peke yako. Usiku hufungwa, kwa sababu kasa hutaga mayai mchangani, na anayejua kasa wa Mafia au Watamu ataelewa kwa nini tochi na kelele haziruhusiwi. Hapa Paulo alibadili meli kwenda Foinike. Bandari yenyewe sasa ni kinamasi nyuma ya vilima vya mchanga.

Kaş kaa usiku tatu. Hauna ufuko wa mchanga, ndiyo sababu haukuharibiwa na mahoteli makubwa. Ukumbi wake wa kale umeelekea baharini na hauna lango wala tiketi. Soko ni Ijumaa: nunua zeituni, jibini, nyanya na mkate, na mlo wa mchana wa siku mbili umekamilika. Chakula cha kupika kitafute kwenye esnaf lokantası, mama lishe wao, ambako masufuria yako wazi na unaonyesha kwa kidole. Kuru fasulye na pilav si kingine bali maharage na wali, na mkate huja bila kuulizwa. Nenda saa 6 hadi saa 8 mchana. Jioni hukuti kitu. Kwenye migahawa ya bandarini samaki hupimwa kwa kilo, na vijisahani vinavyoletwa kwenye sinia si zawadi. Uliza bei ya kilo na ya kila kisahani kabla hujagusa.

Mira ni mji wa Demre wa leo: kanisa la Mtakatifu Nikolao, na makaburi yaliyochongwa kwenye mwamba kama nyumba za ghorofa, dakika 20 hadi 30 kwa miguu kutoka stendi.

Kisha Olympos. Basi la Kaş kwenda Antalya hukuacha njiapanda juu ya mlima, na bahari iko karibu kilomita 10 chini. Dolmuş hungoja pale kuunganisha na mabasi, na nje ya msimu hungoja hadi abiria watoshe. Njiapanda ya Çıralı ni nyingine, kilomita 7 kutoka kijijini. Wanaoshuka kwenye njiapanda isiyo yao hujikuta upande wa pili wa magofu na mizigo. Mtajie dereva kijiji, si “ufukweni”. Upande wa Olympos kuna vibanda vya mbao, ağaç ev, bei ikiwa pamoja na chakula cha asubuhi na jioni, kwa hiyo linganisha na chumba kitupu kwa kujumlisha chakula. Jioni panda Yanartaş, juu ya Çıralı, ambako miali inatoka mwambani tangu zama za kale. Beba tochi.

Antalya

Reli ya mjini hufika uwanja wa ndege, otogar na katikati ya mji, nayo inakupeleka pia hadi Aksu, ambako Perge iko mwendo wa dakika kama 25 kwa miguu. Side inafikiwa kwa dolmuş kutoka Manavgat, na nguzo za hekalu la Apolo kando ya bahari hazina kiingilio. Aspendos iko kilomita 4 kutoka barabara kuu. Mabasi ya Manavgat hukushusha njiapanda baada ya Serik, na mwendo ni tambarare. Nenda asubuhi. Ukumbi wake wa michezo, kazi ya fundi Zeno wakati wa Kaizari Marcus Aurelius, una ukuta wa jukwaa uliosimama hadi juu, kitu ambacho Efeso haina.

Termessos, mji wa kale wa mlimani, ndiyo inayokataa ujanja wote. Aleksanda Mkuu alifika chini yake mwaka 333 kabla ya Kristo akaiacha. Lango la hifadhi liko kwenye barabara ya Korkuteli, na kutoka hapo ni kilomita 9 za kupanda bila gari la umma, kisha njia ya mawe kwa miguu hadi ukumbi ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Tafuta wenzako wawili watatu kwenye gesti mnayolala, mkubaliane na dereva wa teksi bei ya kwenda, kungoja kwa muda wa saa tatu na kurudi, na mlipe mkishashuka. Kila mtu abebe lita 2 za maji na viatu vya kufunga kamba. Juu hakuna duka. Muulizeni mlinzi saa ya kufunga mnapoingia, na muanze kushuka saa nzima kabla yake, kwa sababu mawe ya njia ile yamelegea na giza la mlimani huingia mapema.